MASAFA YA FARASI: MAFUPI NA MAREFU

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama akawatiisha chini ya mikono ya wanadamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Hakuna mtoto wa Biharwe asiyepata kusikia habari ya jua lililoanguka. Wazee wa Ankole husimulia ya kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, aliipiga nchi ya Nkore akateka ng'ombe wengi. Naye alipokuwa akirudi kwao pamoja na majeshi na mateka yake, jua likaingia giza mchana walipofika Biharwe. Watu wale wakashikwa na hofu, wakawaacha ng'ombe, wakakimbia. Wanahistoria wameilinganisha habari hiyo na hesabu za wataalamu wa nyota, wakaiweka katika kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520.

Habari hiyo husimuliwa kwa ajili ya wafalme na kwa ajili ya jua. Lakini wale ng'ombe walioswagwa kutoka malishoni kwao hakuna aulizaye habari zao: walitembezwa masafa gani kwa siku, walinyweshwa wapi, na wangapi walianguka njiani. Mnyama hana ulimi. Anayesema, “Leo tutakwenda maili tano,” au “Leo tutakwenda maili hamsini,” ni mwanadamu. Na anayeuchukua uzito wa neno hilo ni mnyama.

Makala haya yanaeleza jinsi watu wa zama mbalimbali walivyochagua baina ya masafa mafupi na masafa marefu katika kuendesha farasi, na yaliyowapata kwa uchaguzi wao. Farasi si mnyama wa nchi ya Ankole. Hata hivyo mtu aliyelelewa pamoja na ng'ombe atayafahamu mambo haya bila ya taabu, na kijana anayetazama mashindano ya farasi wa nchi za Ghuba katika simu yake atapata kujua mzizi wake.

MASHINDANO YA MADINA

Mzizi wenyewe uko Madina. Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullahi bin Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye na baba yake, kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, na mashindano yakawa ya namna mbili. Farasi waliokuwa wametayarishwa walikimbizwa kutoka mahali paitwapo Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa. Farasi ambao hawakutayarishwa walikimbizwa kutoka Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Mmoja wa wapokezi wa hadithi hiyo, Sufyan, ameeleza kwamba masafa ya kwanza yalikuwa maili 5 au 6, na masafa ya pili yalikuwa maili 1.

Na ayatazame msomaji mambo mawili katika habari hiyo. Jambo la kwanza ni kwamba farasi hawakugawanywa kwa heshima ya wenyewe. Haikusemwa kwamba farasi wa matajiri waende mbali na farasi wa maskini waende karibu, wala haikusemwa kwamba mpanda farasi hodari ndiye wa masafa marefu. Kipimo kilikuwa kimoja tu: je, mnyama huyu ametayarishwa, au hakutayarishwa?

Jambo la pili ni kwamba Abdullahi bin Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana, na katika mapokezi mengine ameeleza kwamba alitangulia mbele ya watu, na farasi wake akaruka naye hapo msikitini. Msikiti ndio uliokuwa mwisho wa masafa mafupi. Basi sahaba huyu mtukufu, ambaye umma mzima umepokea elimu kwake, alipanda farasi asiyetayarishwa, akakimbia maili 1, wala hakuona haya kuyasimulia hayo mpaka yakaandikwa vitabuni. Ikiwa yeye hakuona aibu katika masafa mafupi, ni nani baada yake wa kuona aibu?

Matayarisho hayo Waarabu waliyaita tadhmiri. Farasi alilishwa sana kwanza mpaka akanenepa. Kisha chakula chake kilipunguzwa kidogo kidogo mpaka akabaki na kile cha kumtosha tu, akawekwa ndani ya banda, akafunikwa nguo ili atoe jasho. Kwa njia hiyo mafuta yaliondoka, nyama ikakaza, na pumzi ikarefuka. Kazi hiyo haikuwa ya siku moja. Ilikuwa ni kazi ya siku nyingi na ya subira, na anayetaka kuufupisha muda wake hupata mnyama aliyekonda tu, si mnyama aliyetayarishwa. Na waliokonda na waliotayarishwa hufanana machoni pa asiyejua.

Kutokana na msingi huo mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii waliweka mlango maalumu wa mashindano katika vitabu vyao, na mmoja wa vitabu hivyo ni Minhaji cha Imamu Nawawi, kinachosomeshwa tangu zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Wamesharutisha kwamba mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia pajulikane kabla ya kuanza, kwamba wanaoshindana walingane katika hayo, na kwamba masafa yawe ni yale ambayo wanyama wanaweza kuyamaliza. Sharti hilo la mwisho ni la kuzingatiwa. Masafa yasiyowezekana hayakuitwa ushujaa. Yaliitwa kosa katika mkataba.

FARASI NA MISAFARA YA AFRIKA MASHARIKI

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa farasi ana sifa hiyo katika Uislamu, kwa nini Waislamu waliokuja bara hawakuja wamepanda farasi? Jawabu ni kwamba nchi iliwakatalia. Baina ya pwani na maziwa makuu kulikuwa na mbung'o waletao nagana, na kulikuwa na maradhi makali ya farasi yanayoenezwa na usubi, ambayo humwua farasi mgeni kwa siku chache.

Habari iliyo mashuhuri ni ya mwaka 1871. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Machi mwaka huo kwenda kumtafuta Dakta Livingstone, alikuwa na punda na farasi wawili. Mmoja wa farasi hao alikuwa wa Kiarabu, zawadi ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya miezi, kwani hakufika Ujiji mpaka Novemba. Lakini farasi wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani. Farasi wa damu bora kutoka katika zizi la mfalme hakuweza hata mwanzo wa njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa miguu kila mwaka.

Wenye misafara walikuwa na hekima yao katika jambo la masafa. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri, ukaenda saa chache, ukapiga kambi kabla ya jua kuwa kali. Hayo ndiyo masafa mafupi, na kwa masafa hayo mafupi, siku baada ya siku, watu waliochukua mizigo mizito walifika Tabora kwa muda wa yapata miezi 3. Lakini palikuwa na mahali pasipo maji, kama lile pori kati ya Ugogo na Unyamwezi lililoitwa Mgunda Mkali. Hapo watu walifanya tirikeza: walipika na kunywa mchana penye maji, wakaondoka alasiri, wakalala njiani bila ya maji, wakaamka mapema wakayafikia maji ya pili asubuhi. Tirikeza haikuwa mchezo. Mtu aliyeanguka nyuma hakungojwa sikuzote, na punda wengi waliishia huko. Basi kirangozi mwema hakuwa yule apendaye tirikeza, wala hakuwa yule aiogopaye. Alikuwa ni yule aliyejua ni wapi inapolazimu.

Nayo hekima hiyo yaafikiana na mafundisho ya Mtume (S.A.W.), ambaye amewaagiza wasafiri kwamba wakipita katika nchi yenye majani wampe ngamia haki yake ya malisho, na wakipita katika nchi kavu wafanye haraka kuivuka angali ana nguvu. Masafa hupimwa kwa hali ya mnyama na hali ya nchi kwa pamoja.

Kwa njia hiyo ya misafara mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda katika mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna. Na kwa njia hiyo Waarabu na Waswahili walikaa Kafuro katika nchi ya Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera kutoka Nkore. Dini ya Kiislamu basi ilifika katika pande hizi kwa miguu ya watu, kambi kwa kambi, na si kwa kwato za farasi. Waliofika ni wale walioujua mwendo wao.

MASHINDANO YA WATU WA ULAYA NA MAREKANI

Huku Afrika Mashariki farasi walikuwa hawawezi kufika. Huko Ulaya walikuwapo wengi, na watu wakawafanyia israfu. Mwezi wa Oktoba 1892 maofisa wa jeshi la Ujerumani na wa jeshi la Austria na Hungaria walishindana kati ya Berlin na Vienna, Wajerumani wakielekea Vienna na wenzao wakielekea Berlin. Masafa hayo ni yapata kilomita 580. Hapakuwa na daktari wa kuwasimamisha njiani, wala hapakuwa na mpaka wa mwendo. Sifa ilikuwa ni ya atakayetangulia. Aliyeshinda ni Wilhelm Starhemberg wa Austria, aliyefika kwa muda wa saa 71 na dakika kadhaa. Farasi wake alikufa muda mfupi baadaye, na farasi wengine wengi walikufa katika mashindano hayohayo.

Waarabu wa zamani wana neno juu ya mtu wa namna hiyo, anayemkimbiza mnyama wake mpaka akamwua: husema kwamba mtu huyo mwisho wake amekosa njia na amekosa kipando. Starhemberg alipata tuzo. Lakini alirudi kwao bila ya yule aliyemletea tuzo.

Baada ya hapo watu walianza kujirudi. Mwaka 1919 jeshi la Marekani lilifanya majaribio ya farasi wake kwa masafa ya maili 300, lakini masafa hayo yaligawanywa katika siku 5, maili 60 kila siku, na hali ya farasi mwenyewe ikatiwa katika hesabu ya ushindi. Mwaka 1955 Wendell Robie na wenzake wachache walikwenda maili 100 katika milima ya California kwa muda wa siku moja, na mashindano hayo, yaitwayo Tevis Cup, yakawa mama wa mashindano ya masafa marefu ya leo. Kilichoyatofautisha na yale ya mwaka 1892 ni kwamba madaktari wa wanyama walisimama njiani, nao walikuwa na amri ya kumtoa farasi aliyechoka.

Chama cha Marekani cha mchezo huo kilichoundwa mwaka 1972 kiliweka masafa ya namna mbili, kama ilivyokuwa Madina, ingawa maili zake ni nyingi zaidi. Masafa marefu huanza maili 50, na masafa mafupi ni maili 25 hadi 35. Katika masafa hayo mafupi farasi mchanga hufundishwa, na farasi mzee hupewa nafasi ya kutembea bila ya kuvunjwa, na mpanda farasi asiyejua hujifunza kusoma pumzi ya mnyama wake.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi nalo limeweka daraja zake. Mtu haanzi na kilomita 160. Farasi huanza na masafa ya chini ya kilomita 80, kisha hupanda daraja kwa daraja kwa muda wa miaka, na farasi wa kilomita 160 hawi chini ya umri wa miaka 8. Njia nzima hukatwa vipande, na hakuna kipande kinachozidi kilomita 40. Kila mwisho wa kipande pana lango la daktari: mapigo ya moyo ya farasi hayana budi kushuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, kisha hukimbizwa polepole ili ionekane kama anachechemea. Akishindwa, safari yake imekwisha, hata kama alikuwa wa kwanza. Lango hilo limekuwa ulimi wa mnyama asiye na ulimi.

NCHI ZA GHUBA NA MTIHANI WAO

Mchezo huu uliporudi katika nchi za Kiislamu ulirudi kwa nguvu. Nchi za Ghuba zilijenga viwanja vikubwa vya mashindano hayo, na mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Dubai mwaka 1998. Farasi wa Kiarabu, aliyesifiwa tangu kale kwa subira ya jangwani, akaonekana kuwa ndiye bora katika masafa marefu.

Lakini pamoja na fedha na fahari ilikuja pupa. Jangwa ni tambarare, na mwendo uliokuwa wa subira ukageuka mbio. Farasi walivunjika miguu, wengine wakafa, na lawama zikaenea duniani. Mwezi wa Machi 2015 Shirikisho la Kimataifa liliisimamisha jumuiya ya farasi ya Falme za Kiarabu kwa sababu ya mambo ya usalama wa wanyama na ya kuvunjwa kwa kanuni, na kusimamishwa huko kukaondolewa Julai ya mwaka huo baada ya mapatano.

Haki yataka isemwe pia kwamba dawa ilitafutwa hukohuko. Katika uwanja wa Bouthib, Abu Dhabi, chini ya Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan, aliyefariki mwaka 2019, yaliwekwa mashindano yenye kanuni kali zaidi: mwendo uliwekewa mpaka, na mapigo ya moyo yaliyotakiwa langoni yakashushwa kutoka 64 hadi 56. Watu walioujua mzizi wa Madina hawakukosa njia ya kuurudia.

Wala haifai kudhani kwamba kosa hili ni la taifa moja. Tarehe 12 Septemba 2018, katika michezo mikubwa ya dunia iliyofanyika Tryon, nchini Marekani, mashindano ya masafa marefu yalianza vibaya, kwani baadhi ya wapanda farasi walielekezwa njia isiyokuwa. Masafa yakapunguzwa kutoka kilomita 160 hadi 120, na mashindano yakaanzishwa upya. Kisha joto na unyevu vikazidi, na siku hiyohiyo yakafutwa kabisa. Wako walionung'unika kwamba wametoka mbali bure. Lakini farasi wengi walihitaji matibabu, na mmoja alikufa siku chache baadaye. Aliyeyafuta alichelewa labda, lakini hakukosea.

MAFUNDISHO YA HABARI HIZI

Zikikusanywa habari zote hizi, kutoka Hafyaa mpaka Kingaru, na kutoka Vienna mpaka Abu Dhabi, zote zasema neno moja. Masafa marefu si makosa, Mtume (S.A.W.) aliyaweka. Masafa mafupi si aibu. Naye ndiye aliyeyaweka pia. Makosa ni kumpeleka asiyetayarishwa katika njia ya aliyetayarishwa. Na mwenye kupima hayo ni mwenye mnyama, kabla ya kuondoka, hali moyo wake umetulia. Kwa sababu akiwa njiani, na watu wanamshangilia, pupa humfumba macho.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia ambaye alipomwona alilia na machozi yakamtoka. Mtume akampapasa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemmilikisha, kwa kuwa ngamia yule alilalamika kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa. Hapo hapakuwa na lango la daktari. Mlalamikaji alipata msikilizaji, na msikilizaji alikuwa Mtume. Leo ni juu ya kila mwenye mnyama kusikiliza.

Katika pande za Biharwe jambo hili si la hadithi za mbali. Ng'ombe wenye pembe ndefu hutembezwa kwenda majini wakati wa kiangazi, na wengine huswagwa kwenda mnadani. Na mchungaji asiyejali huwapima kwa ng'ombe dume aliye mbele, wala hamtazami ndama aliye nyuma. Katika Nakivale, iliyoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, wako wazee wanaokumbuka watu waliovuka mpaka na ng'ombe wao kwa miguu. Wao hawakuchagua masafa. Masafa yaliwachagua wao, nayo yalikuwa tirikeza ya kweli. Mtu aliyewahi kuvuka kwa dharura ndiye anayejua kwa nini haifai kumvusha mnyama hivyo kwa ajili ya fahari.

Na wema huo usiishie kwa wanyama. Imamu ameamrishwa aisahilishe sala anapowasalisha watu, kwa kuwa nyuma yake yuko mzee, na mgonjwa, na mwenye haja. Akisali peke yake, na arefushe apendavyo. Mwalimu wa chuo naye ana wanafunzi wa maili 1 na wanafunzi wa maili 6, na anayewakimbiza wote kwa masafa mamoja humvunja mmoja na kumchosha mwingine. Wote wana mahali pao pa kuanzia na mahali pao pa kuishia, na katika Madina wote wawili waliitwa washindani.

Wale waliokuwa wakiwaswaga ng'ombe wa Nkore waliwaacha hapa Biharwe kwa sababu jua liliingia giza. Na wenye wanyama leo wawapumzishe jua lingali linawaka, kwa kumcha aliyeliumba jua na aliyewaumba wao.

Wabillahi taufiq.